Elimu Yako ni Ushahidi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi kumcha Allah, hasa katika jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni sehemu ya dini: masomo tunayosoma na utafiti tunaouandika.

Hapa Gisenyi, vijana wakitoka swala ya Ijumaa husimama makundi makundi wakizungumza habari za vyuo vyao, nami hupita nikisalimia. Katika mazungumzo hayo nimesikia maneno mawili yanayonikera. La kwanza husemwa kwa mzaha: "Sayansi ni ya wenye akili, sanaa ni ya waliokosa nafasi." La pili husemwa kwa sauti ya chini, aghlabu mwaka wa masomo ukikaribia kwisha: "Tafuta mtu akujazie." Akujazie nini? Madodoso ya utafiti. Utadhani maneno haya hayahusiani. Mimi nayaona kama mama na mtoto. Anayeamini kwamba fani yake haina uzito, ataona ubaya gani kuijaza uongo? Na anayeidharau fani ya mwenzake hatamsikiliza siku mwenzake atakapokuwa na jambo la kumwambia.

Tuanze na hilo la mzaha. Fungua Surat Rum, aya ya 22. Humo kuumbwa kwa mbingu na ardhi kumetajwa kuwa ni miongoni mwa ishara za Allah, na papo hapo, katika aya hiyo hiyo, kukatajwa kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu. Kisha tunaambiwa kwamba katika hayo mna mazingatio kwa wenye ujuzi. Sasa nionyeshe kitivo chochote chenye idara za sanaa upande huu na za sayansi upande ule ambacho hakimo ndani ya aya hiyo. Anayechunguza mbingu na ardhi ni mwanafizikia, mwanakemia, mwanajiolojia. Anayechunguza lugha na rangi za watu ni mwanaisimu, mwanahistoria, mwanasosholojia. Aya haikujenga ukuta kati yao. Ukitaka zaidi nenda Surat Fatir, aya ya 27 na 28. Utakuta mvua, matunda, milima yenye michirizi myeupe, myekundu na myeusi, kisha watu, wanyama na mifugo wa rangi mbalimbali. Baada ya orodha hiyo ndipo maulamaa wanapotajwa kuwa ndio wanaomcha Allah. Sisemi hivi kupunguza fikihi, Allah aniepushe. Nasema tu kwamba aliyetuteremshia Kitabu alitutaka tutazame mawe na watu pia.

Waliotutangulia walilielewa hilo. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alipanda mlima katika nchi ambayo leo ni Pakistani, akapima pembe ya upeo wa macho, na kwa hesabu akapata ukubwa wa dunia kwa makadirio ambayo wataalamu wanayastaajabia hadi leo. Mtu huyo huyo alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, na karibu mwaka 1030 akaandika kitabu kizima kuhusu imani na desturi zao. Aliazimia kuyanukuu maneno yao kama wenyewe wanavyoyasema, ilhali yeye ni Mwislamu asiyekubaliana nao. Alikuwa mtu wa sayansi au wa sanaa? Nafikiri angetushangaa kwa kumuuliza. Alipopima mlima hakuuongezea urefu, na aliposimulia imani ya watu hakuwazulia. Kazi zote mbili alizifanya kwa uadilifu mmoja.

Hata hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963, kilianza na tiba, sayansi za jamii na mafunzo ya ualimu chini ya paa moja. Utengano tunaousikia barazani tumejitengenezea wenyewe.

Lakini kwa nini nione mzaha wa vijana kuwa jambo zito? Kwa sababu ya mahali tunapoishi. Mji wetu umeketi kando ya ziwa na chini ya volkano, na katika mji kama huu elimu ikikosea njia, au isipomfikia anayeihitaji, watu hufa.

Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na maji yake hayachanganyiki kuanzia juu hadi chini kama ya maziwa mengi. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi na gesi, yametulia kama sukari kwenye kikombe ambacho hakikukorogwa. Humo mna kaboni dayoksaidi inayokadiriwa kufika kilomita za ujazo 300, na methani kama kilomita za ujazo 60. Uzito wa maji yaliyo juu ndio unaozizuia gesi hizo zisitoke, kama kizibo kinavyozuia povu la soda. Huko Kameruni liko ziwa dogo sana kuliko letu, Nyos. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 kizibo chake kilifunguka, wingu la kaboni dayoksaidi likateremka mabondeni, na watu wapatao 1,700 wakafa pamoja na mifugo yao. Wengi walikuwa usingizini.

Sikutishi. Wanaolipima ziwa letu wanasema limetulia imara, na ninawaamini kwa sababu wanapima. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilikatiza katikati ya Goma na kuingia ziwani. Watafiti walishusha vyombo majini kuangalia kama tabaka za chini zimetikiswa, wakakuta maji yenye gesi nyingi hayakuguswa. Hebu fikiri: kama mmoja wao angeona uvivu kushusha chombo, akakaa kwenye boti na kuandika tarakimu za kubuni, pande zote mbili za mpaka zingekuwa zinalala juu ya uongo wake.

Elimu hiyo hiyo ndiyo iliyotupa nishati. Tangu miaka ya 1960 gesi ilitolewa pale Rubona ikawa inachemsha mitambo ya kiwanda cha bia (bia yenyewe haituhusu, kemia yake ndiyo inayotuhusu), na tangu 2016 kule Karongi mtambo wa KivuWatt unazalisha megawati 26. Maji huvutwa kutoka kilindini, mgandamizo unapungua, gesi inajitenga kama soda iliyofunguliwa, methani inachukuliwa, na maji yanarudishwa chini kwa uangalifu ili tabaka zisivurugwe. Hata sambaza tunaowakaanga tukawala na ugali si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu kulikuwa na watu waliochunguza wakaona kwamba maji ya juu ya Kivu yana chakula kisicholiwa na samaki yeyote.

Mwanafunzi wa sayansi hapa anatabasamu. Subiri kidogo.

Kando ya ziwa hili, hasa upande wa Goma na Sake, kuna mabonde madogo na mashimo ambamo kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama. Gesi hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, haina rangi wala harufu. Hulala chini, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa haujaamka. Mtu mzima anaweza kupita amesimama asijue kitu, na mtoto au mbuzi aliye karibu na ardhi akaanguka na kufa. Wenyeji wana jina lake: mazuku. Walikuwa nalo kabla ya mitambo ya kupimia kufika. Na leo ukisoma makala za wanasayansi wa volkano kutoka Ubelgiji, Italia au Japani, utalikuta neno hilo hilo, mazuku, limeandikwa kama lilivyo. Wao walikuwa na fomula ya kemia, wenyeji wakawa na jina pamoja na habari za wapi na wakati gani. Kazi ya kumsikiliza mwenyeji, kuuliza anaita nini na kwa nini, kuandika jibu lake bila kulipotosha, ni ya nani? Ni ya yule mwanafunzi wa lugha na wa jamii mnayemcheka.

Mtume wetu (s.a.w.) alipohitaji kuandikiana na watu wa lugha nyingine alimwagiza Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi yao, na Zayd akafanya hivyo kwa muda mfupi sana. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni kazi ya waliokosa nafasi. Na wenzetu wa Dar es Salaam, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1990 walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kamusi kama hiyo haiwezi kuandikwa na mwanaisimu peke yake, wala mwanakemia peke yake. Rwanda nayo ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Nauliza: toka hapo, ni karatasi ngapi za onyo kuhusu ziwa, mto au mlima umeziona kwa Kiswahili au kwa Kinyarwanda kinachoeleweka na mvuvi?

Mnakumbuka jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Mlima uliwaka, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka usiku huo huo kuja huku kwetu wakiwa na magodoro vichwani. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara kwa mara, nyumba za Rubavu zikapasuka kuta, na tarehe 27 Goma ikaamriwa kuhama mitaa kadhaa kwa hofu kwamba uji wa moto umesogea chini ya mji hadi chini ya ziwa. Baadaye vyombo vya habari viliripoti kwamba kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimepitia miezi bila fedha za kulipia intaneti, kwa hiyo habari za vipimo vya mlimani hazikuwa zikifika inavyotakiwa. Na kabla ya mlipuko wa 2002, mtaalamu wa hapo hapo Goma, Dieudonné Wafula, aliona dalili akatoa tahadhari, wachache wakamsikiliza. Kupima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni neno limfikie mtu, kwa lugha yake, kutoka kwa mtu anayemwamini, mapema. Nusu hiyo haifundishwi maabara.

Sasa nikugeukie wewe wa sanaa, maana huenda umeanza kufurahi. Usidhani nimekuja kukupamba. Nimekuja kukukumbusha kwamba mikononi mwako una kitu kilichowahi kuua watu wengi kuliko gesi ya Nyos.

Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari zake, na ndani yake akadai kwamba tabaka la watawala wa nchi hizi za maziwa ni wageni waliotoka upande wa Ethiopia. Rwanda yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Aliona milima yetu kwa mbali. Dhana yake haikuwa na ushahidi, lakini ilikuwa imeandikwa vizuri, na wasomi waliofuata wakaidaka, wakaipa jina la kitaalamu. Wakaja wakoloni na vyombo vya kupimia pua na mafuvu, na katika miaka ya 1930 kila Mnyarwanda akapewa kitambulisho kilichoandikwa kabila. Dhana ikawa karatasi, karatasi ikawa ukweli wa serikali.

Sasa nenda mbele hadi tarehe 22 Novemba 1992, Kabaya, ambayo wakati huo ilikuwa katika mkoa huu huu wa Gisenyi. Léon Mugesera, msomi wa lugha aliyepata udaktari Kanada na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Taifa, alisimama mbele ya umati akawazungumzia Watutsi kama watu wa kurudishwa kwao Ethiopia, tena kwa njia ya mto Nyabarongo. Ile dhana ya Speke, iliyozaliwa bila ushahidi, ilikuwa imetimiza miaka 129 na sasa inazungumza Kinyarwanda fasaha. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha. Na Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia katika chuo kikuu hicho hicho, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio RTLM iliyoanza kutangaza mwaka 1993. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003, na rufaa ya 2007 ikampa kifungo cha miaka 30. Hawa hawakuwa wanakemia. Walikuwa watu wa lugha na historia, na walijua hasa neno linavyofanya kazi ndani ya moyo wa mtu.

Kwa hiyo anayesema sanaa haina uzito katika nchi hii, mwambie aende Gisozi akasome majina.

Na dawa ya ugonjwa huo iko ndani ya fani hizo hizo, zikifanywa kwa uaminifu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanahistoria Mbelgiji Jan Vansina alikuja Rwanda akakusanya ibitekerezo, yale masimulizi ya kale, kwa wazee wengi. Mwaka 1961 akachapisha kitabu cha kanuni za kupima mapokeo ya mdomo: nani amesimulia, alipokea kwa nani, ana maslahi gani, wengine waliopokea habari hiyo hiyo wanasemaje. Nilipokutana na kanuni hizo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ni nini hiki kama si ndugu ya isnadi? Maulamaa wetu wa hadithi walikuwa wakiuliza maswali hayo zaidi ya miaka elfu moja kabla yake: umesikia kwa nani, na huyo ulikutana naye kweli, na kumbukumbu yake ikoje, na aliwahi kusema uongo katika jambo lolote? Walisafiri miji na miji kuhakiki maneno machache. Kijana wa Kiislamu anayesoma historia au sosholojia hapaswi kujihisi mgeni darasani. Kuhakiki habari ni urithi wa nyumbani kwake, na Surat Hujurat aya ya 6 imekwisha kumuamuru.

Hapo ndipo tunapofika kwenye lile neno la pili, la sauti ya chini.

Kazi yangu ya kufundisha imenipitishia mikononi tasnifu nyingi, zile tunazoziita memwari. Siku moja, katika chuo ambacho sitakitaja, nilipewa moja inayohusu akina mama wanaovuka Petite Barrière na biashara zao. Mada nzuri. Kivuko kile hupitwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku kwa miguu, wenye nyanya, mayai, unga, maziwa, na familia nyingi za pande zote mbili hula kwa sababu yake. Madodoso sitini yalikuwa yameambatishwa. Niliyapekua. Yote yalikuwa na mwandiko mmoja, kalamu moja. Mama sitini, na hakuna hata mmoja aliyesema "sijui". Hakuna aliyekataa swali. Hakuna aliyejibu pembeni kwa hasira, "Mwanangu, niache niuze, mvua inakuja." Wote "wanakubali kabisa". Yeyote aliyewahi kusimama dakika kumi pale kivukoni anajua kwamba akina mama wale hawajawahi kukubaliana kabisa juu ya jambo lolote.

Kijana mwenyewe, Allah amuongoze, aliniuliza: "Mwalimu, nimemdhuru nani?"

Ni swali la haki, nami nataka kulijibu hapa kwa wote. Umewadhuru mama sitini ambao umesema kwa niaba yao bila kuwauliza. Mmoja wao labda alikuwa na la kusema kuhusu ushuru, au kuhusu kupekuliwa kwa namna ya kudhalilisha, au kuhusu mtoto anayemwacha kwa jirani tangu alfajiri, na wewe umemfunga mdomo kwa alama ya vema. Kesho ofisa atachukua tasnifu yako maktabani, au shirika litaitumia kupanga msaada, na watapanga kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alikuwa akiwatajia maswahaba madhambi makubwa kabisa hali ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliinuka akakaa sawa, na akawa anarudia rudia mpaka wakatamani anyamaze. Dodoso lililojazwa bila mtu ni ushahidi wa uongo, tena limepigwa muhuri wa chuo. Sioni jina jingine la kulipa.

Na wewe wa maabara usijitoe. Tarakimu iliyonyooshwa ili grafu ipendeze ni ya mlango huo huo. Kipimo ulichonakili kwa mwenzako kwa sababu chako "kimekataa" ni cha mlango huo huo. Surat Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na inatuambia kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Angalia viungo vilivyotajwa: kusikia, kuona, kufahamu. Ni vyombo vya utafiti hasa.

Wengine mnaniuliza kuhusu programu za kompyuta zinazoandika kurasa kumi kwa dakika moja. Sina maneno mengi. Uliona? Ulisikia? Ulipima? Kama hukufanya, basi hata uandishi uwe mzuri namna gani, huna ushahidi wa kutoa. Kama ulifanya, kaa uandike kwa Kiingereza chako kibovu, kitarekebishwa.

Tena liko jambo ambalo hata watafiti waaminifu tunaliacha. Tumechukua saa nzima ya mama wa kivukoni, au ya mvuvi aliyekesha na taa usiku kucha, au ya mzee wa kando ya Sebeya aliyetuonyesha mto ulipopita ulipofurika Mei 2023, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Tumeandika kwa Kiingereza, tumevaa joho, tumepiga picha. Yule mzee hakupata hata ukurasa mmoja wa kumweleza alichotusaidia kugundua. Aya ya 283 ya Suratul Baqara inakataza kuficha ushahidi na kusema anayeuficha moyo wake una dhambi. Najua aya inahusu deni na mashahidi wa deni. Lakini nyinyi mnaojua hesabu niambieni, saa moja ya mzee yule si deni?

Basi tuanze na dogo. Nimekubaliana na wahariri wa jarida hili kwamba kuanzia toleo lijalo kutakuwa na ukurasa wa muhtasari wa tafiti za wanachama, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, maneno mia tatu yasizidi. Masharti mawili: uandikwe na watu wawili, mmoja wa sanaa na mmoja wa sayansi, na kabla ya kuletwa usomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja aliyetoa habari zake kwenye utafiti huo. Asipoelewa, unarudi kuandikwa upya. Akisema "mimi sikusema hivyo", unarudi kuandikwa upya.

Na kila Alhamisi baada ya Isha tutakaa ukumbi wa nyuma wa msikiti kupitia madodoso na vipimo vya wanaoandika memwari mwaka huu. Njoo nayo yaliyo na michirizi ya mvua, yenye majibu yasiyosomeka na swali la saba lililokataliwa na kila mtu. Hayo ndiyo tutaanza nayo. Dada zetu wana nafasi yao upande wa kulia, na chai ipo.

Wabillahi tawfiq.